Makaa Chini ya Jiwe la Saba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye magoti yanamsumbua lakini ulimi wake mzima kabisa. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na kazi inakwenda. Sisi tu wazima, ila mimi nina jambo limenikaa kooni, na nitalisema kabla karatasi haijaisha.

Mji wetu huu, ambao ukipiga chafya ofisi ya halmashauri unaombewa afya sokoni, ulipata wageni. Wapima ardhi wa nchi zote mbili walikuja kuhakiki mpaka. Mawe ya mpaka waliyaona yote isipokuwa la saba. Walisema lisipopatikana watafuata kijito, na kijito, unavyokijua, kinapinda na kuiacha zahanati upande wa pili. Mwenyekiti wetu wa halmashauri alikaa chini kabisa aliposikia. Aliuliza kama mama mwenye uchungu wa kuzaa atapanga foleni kugongewa muhuri kwanza.

Tulitafuta siku tatu, mji mzima. Watu waliwasingizia mbuzi, kisha wakawasingizia majirani wa ng'ambo. Mimi nilikuwa nafyeka nyasi pamoja nao.

Kaka, jiwe nililing'oa mimi. Mwaka ule nilipoanza uashi nilimjengea mama ngazi ya jikoni, nikaona porini jiwe lililochongwa vizuri, nikadhani ni masalio ya jengo fulani. Nililibeba kwa toroli, na kwenye ngazi upande wenye namba ukalala chini. Mama amelikanyaga miaka kumi na tisa.

Siku ya nne nilimwendea mkuu wa wapima, mzee wa maneno machache, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema jiwe lililohama si ushahidi, ila wapima wa zamani walikuwa wakifukia makaa chini ya kila jiwe, kwa sababu makaa hayaozi. Aliniomba nimwonyeshe mahali. Nilihesabu hatua kumi na mbili kutoka kwenye mwamba uliopasuka, alama niliyoikumbuka, nikachimba mwenyewe, mji mzima ukitazama. Kina cha mkono mmoja, udongo mwekundu ukageuka mweusi.

Sijui nikuelezeje. Yule mzee alivua kofia, na wapima wa ng'ambo wakavua zao. Nilichukua kipande kimoja, kikanichafua vidole kana kwamba kimetoka jikoni leo. Watu waliokufa kabla babu yetu hajazaliwa walituachia ujumbe ardhini, wakaamini kuna siku mtu atauhitaji. Nililia mbele za watu bila aibu.

Zahanati imebaki kwetu. Lakini mstari ulionyooka kupitia pale umekiacha ng'ambo kiwanja chako chote, ambacho kijito kingekibakiza kwetu, pamoja na ule upande ulioutaka uwe sebule. Usidhani nilishtukizwa. Kabla ya kumwendea yule mzee nilikuwa nimekwisha kwenda peke yangu, nikapima kwa jicho la fundi kutoka jiwe la sita hadi pale, nikaona kitakachotokea. Nilijua, na bado nikasema.

Wasalimie wote nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Yale matofali uliyoniagiza nifyatue yamekauka vizuri, nimeyafunika. Ukiweza kunisamehe, niandikie nikujengee wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwiko