Hadithi ya Mjane wa Kilburn

Jumatatu, 4 Novemba
Uji, kisha vidonge. Nesi kanipima presha, kaondoka. Mvua Walthamstow nzima.
Vijana wa chuo wanataka kuchapa hadithi zote za marehemu wifi yangu, Sakina. Aliziandika kwa Kiurdu, hapa London, baada ya mapinduzi kututoa Unguja. Hakuacha mtoto, kwa hiyo ruhusa iko kwa mwanangu Imtiaz. Karuhusu zote isipokuwa ile ya mjane.

Jumanne, 5 Novemba
Hadithi yenyewe fupi. Mume kazikwa. Mjane yumo edani, analala katikati ya kitanda, anacheka ndani ya mto.
Kwa hadithi hiyo Sakina alitemewa mate barabarani Kilburn. Watu wetu wakasema kamzulia uongo marehemu kaka yake, mume wangu. Akafa bila kumtaja mtu.
Mjane ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aandike.

Ijumaa, 8 Novemba
Kifua kibaya. Daktari akiulizwa nimebakiza muda gani, anatazama viatu vyake. Kufa sikuogopi. Namwogopa Imtiaz. Picha ya baba yake kaitundika sebuleni. Nikinyamaza, Sakina atabaki mwongo milele.

Jumapili, 10 Novemba
Nimemwambia. Kwa Kiswahili, kwani Kiurdu changu kina adabu nyingi mno.
"Baba yako alikuwa akinipiga. Shangazi yako hakuzua kitu. Alipunguza."
Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba dawa zinanichanganya akili. Akaondoka, chai hajaigusa.
Nina hasira. Sikujua bado ninazo.

Jumatano, 13 Novemba
Imtiaz hajaja. Mkwe wangu kapiga simu: "Mpe muda, mama."
Nimpe upi? Wangu umekwisha.

Jumamosi, 16 Novemba
Kaja asubuhi, peke yake. Alisimama dirishani, kanipa mgongo, akasema kwa Kiswahili chake kibovu cha utotoni:
"Nilikuwa nasikia, mama. Nilikuwa naongeza sauti ya televisheni."
Miaka yote hiyo nilidhani kuta zilinifichia.
Hadithi itachapwa. Keshawaambia wale vijana.
Akaona kucha za miguu yangu zilivyorefuka, maana kuinama siwezi tena. Akaleta beseni la maji ya moto, akakaa sakafuni, akaanza kuzikata. Taratibu sana, kidole baada ya kidole, kama mtu anayeogopa kuniumiza.