Pumzi za Tulia

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Nimemwogesha Tulia dawa ya kupe. Mbuzi wangu mmoja tu, niliyeachiwa na marehemu mama, na ana mimba ya kwanza. Muuzaji alisema kizibo kimoja kwa ndoo. Nikatia vitatu — kupe wafe upesi! Jirani yangu Mwanvua kacheka, eti namsugua kama bibi harusi.

Jumanne, 12 Novemba
Mawe wee! Asubuhi nimemkuta Tulia chini, mate yanachuruzika, anatetemeka. Nikampigia bwana mifugo, Bwana Thobias. Kaja mbio na pikipiki. Nikamwambia ukweli, vizibo vitatu. Hakunifokea.

Moyo 48 kwa dakika. Pumzi 6. Mara kifua kikasimama! Bwana Thobias akakiminya, akaachia, akaminya. Mwanvua ananipigia kelele: Mama Wema, lete kisu, mchinje kabla hajawa mzoga! Bwana Thobias kamuuliza, nyama ya sumu hii utakula wewe, mama?

Pumzi moja. Halafu nyingine.

Akampiga sindano ya kupinga sumu. Moyo 140! Nikapiga vigelegele. Akasema ningoje kwanza — hiyo 140 ni ya dawa ya sindano. Hali ya mbuzi mwenyewe niitafute kwenye pumzi na mate. Pumzi zilikuwa 9 tu.

Tukamwosha kwa sabuni. Kutwa nzima nimehesabu tumbo likipanda, dakika kamili, kama nesi alivyonifundisha mwanangu Wema alipobanwa kifua. Jioni 16, na sindano ya pili.

Jumatano, 13 Novemba
Sindano ya tatu saa moja asubuhi. Bwana Thobias kaenda Ujiji, kaniachia kazi. Kanionyesha pa kushika moyo, nyuma ya kiwiko cha kushoto.

Saa tatu: moyo 132, pumzi 18.
Saa nne: moyo 110, pumzi 18.
Saa tano: moyo 92! Unashuka! Nimempigia huku nalia. Kasema dawa inaisha, ndivyo inavyokuwa. Mate yakirudi nimwite, sumu bado ipo. Mdomo ukibaki mkavu na pumzi zisipungue, basi huo moyo ni wake mwenyewe.

Mwanvua kaleta majani ya viazi. Kisu hakukitaja.

Saa sita: moyo 84. Nimepitisha kidole kidevuni kwa Tulia — pakavu. Wema kalala mgongoni kwangu. Nimehesabu pumzi hadi kumi na moja, tumbo likaruka upande wa kulia. Hiyo si pumzi! Nimeweka kiganja. Limeruka tena. Mtoto wa Tulia, au ni Wema kajigeuza mgongoni? Ngoja, naanza upya. Moja —