Safu ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo saa nane mchana nimepoteza kazi ya miaka minne. Haikuibwa, haikuungua. Imefutwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba kama wanja.

Niandike sawasawa nisije kesho nikajidanganya. Protini yetu tunaiita Tarishi, maana ndiyo inayopeleka habari ndani ya seli: gawanyika, au tulia. Kwa macho haionekani. Tunaitafuta kwa kingamwili, ambayo hung'ang'ania Tarishi peke yake, kisha mstari hutokea kwenye picha. Ndivyo watengenezaji walivyoandika kwenye kichupa chake. Tukaamini.

Kichupa ghali, kidogo. Kila nilipoomba kukijaribu kwenye seli zisizo na Tarishi kabisa, Profesa, msimamizi wangu, alinijibu: mwanangu, tone la kuchezea hatuna. Tukabana. Leo yamebaki matone ya mwisho, na jirani wa maabara ya pili kanigawia seli alizozing'oa jeni la Tarishi. Nikasema potelea mbali. Safu ya kwanza, seli za kawaida. Ya pili, zilizoamshwa kwa homoni. Ya tatu, zisizo naye.

Mstari upo safu zote. Ya tatu ndiyo imekoza! Basi kingamwili imeshika kitu kingine, si Tarishi.

Jumanne, 5 Machi

Nimerudia. Mchanganyiko wa kingamwili wa jana sikuumwaga, huwa tunautumia tena — ubahili wetu umefaa mara moja. Jibu lile lile.

Jirani naye kahangaika. Pole dada, labda seli zangu ndizo mbovu. Akazisoma jeni upya mbele yangu. Tarishi hamna, hata harufu.

Tasnifu yangu ina picha thelathini na nane. Zote za kichupa hicho. Thelathini na nane! Na sijui nimempiga picha nani.

Mdogo wangu kapiga simu. "Dada, huyo Tarishi bado tu? Mtangaze redioni basi, useme alivaa shati gani." Siku nyingine hucheka. Leo nimemkatia.

Jumatano, 6 Machi

Profesa. Kafunga mlango, kavua miwani. Kwanza kadai seli za jirani ni chafu. Nikamwekea vipimo mezani. Halafu: mwanangu, msomaji wa makala yetu anahitaji safu mbili, ya tatu ni kelele.

Kelele za nani, Profesa?

"Usijitie kitanzi. Ukiionyesha hiyo, wewe ndiye utakayekosa shahada. Mimi ninayo."

Kweli anayo.

Alhamisi, 7 Machi

Sijalala. Nimejisomesha kwa zamu za kaunta ya duka la dawa, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mama ameshanunua kitambaa cha mahafali. "Daktari wangu, mshonaji anauliza vipimo." Nimemwambia nimepungua, asubiri.

Asubuhi nikafungua picha kwenye kompyuta, nikakata safu ya tatu. Imekatika vizuri mno. Picha safi, ya kupendeza! Nimeiangalia mpaka chai ikapoa.

Nikairudisha. Pale dukani siuzi kidonge kilichoisha muda hata mteja akilia. Sasa mtu atengeneze dawa ya kumzuia Tarishi kwa kufuata picha yangu, mgonjwa aimeze — halafu?

Lakini nikiiacha safu hiyo hapo, ninaanza wapi? Na kichupa gani? Na umri gani?

Ijumaa, 8 Machi

Makala inaondoka leo saa nane mchana kwenda kwa wahariri wa jarida. Profesa kanitumia nakala ya mwisho. Jina langu limetangulia, lake limekuja mwisho. Picha ina safu mbili. Kakata mwenyewe! Chini yake: "Hongera, mwanangu."

Nimepiga simu mara tatu. Katibu wake anasema yuko kikaoni. Kikao gani, namsikia anakohoa hapo hapo nyuma yake!

Nimemtumia ujumbe huu, naunakili hapa nisije nikaukana:

"Shikamoo Profesa. Safu ya tatu inaingia au haiingii? Usinipe pole, usinipe hongera, na leo usiniite mwanangu. Neno moja tu, kabla ya saa sita. Ukinyamaza, saa sita na dakika moja nawatumia wahariri picha nzima, na jina langu walifute. Saa hizi ni saa tano na nusu. Inaingia, au haiingii?"