Neno Tuliloandika kwenye Bomu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Doha tu wazima. Shangazi yako amepata zamu ya mchana hospitalini, kwa hiyo siku hizi tunakula pamoja jioni.

Umeniuliza kama tuliwachukia watu tuliowapiga vitani. Kule Burma nilikuwa katika kikosi cha ndege za mabomu. Sikuruka, kazi yetu Waafrika ilikuwa kupakia mabomu. Wazungu walizoea kuyaandika mabomu matusi kwa chaki kabla ndege haijaondoka, nasi tukaiga. Siku moja rafiki yangu Mutiso alinipa chaki, maana hati yangu ilikuwa nzuri.

"Andika: kimbieni."

Wenzetu wakaangua kicheko. "Wewe Mutiso! Huko nani anajua Kiswahili?"

"Andika tu, bwana. Huko chini kuna mama wa mtu."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Jioni ndege ilirudi tupu.

"Unadhani walikimbia?" Mutiso akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

Hapa mtaani kwetu Al Mansoura ndege za abiria hupita chini sana, na kila inapopita moja namsikia akiniuliza tena. Bado namjibu vilevile.

Akuwazaye daima,
Babu