Bustani ya Bosi

Abshiro, nimefanya kitu. Walahi usimwambie mtu.

Leo tulikuwa na baraza la malengo ya mji, na unajua bosi wangu mpya hajui Kisomali. Mimi ndiye nilikuwa natafsiri.

Akasoma taa za barabarani, lami, mji wa kisasa. Watu wanapiga miayo. Akafika lengo la tano: bustani ya maua pale soko la maziwa.

MAUA, abaayo, dada yangu! Pale ambapo mama zetu wanabana mkojo mpaka jioni!

Mdomo ukajisemea wenyewe: "Choo cha akina mama."

Choo!!

Vigelegele! Fatumo, mwenyekiti wa wauza maziwa, alilia. Bosi anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana: "Kumbe wanapenda maua hivi! Waambie kesho mafundi wanaanza kuchimba!"

Hiyo niliitafsiri neno kwa neno.

Fatumo akampeleka nyuma ya vibanda, bosi akapigilia kigingi mwenyewe. Akaninong'oneza, "Hapa pananuka kidogo, lakini maua yatasaidia."

Kazi yenyewe nina miezi miwili tu.

Na kesho Fatumo ndiye anawasimamia mafundi. Ameshawaambia wachimbe futi ishirini.