Maswali ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa kabati la kaseti. Arobaini na moja, zimeota ukungu kama mkate wa juzi. Wakfu unataka zote ziingie kwenye kompyuta kabla chumba cha makumbusho hakijafunguliwa. Mgeni atasimama mbele ya picha ya mwanachama, atabonyeza kitufe, na mwanachama atamsimulia habari za klabu. Klabu yenyewe imebaki na wazee sita na mpishi! Lakini picha zao, vikombe vyao, makaratasi yao — wakfu unavitunza kama mayai.

Katibu alisimama mlangoni, hakutaka kuingia kwenye vumbi. Sauti za wanachama tu, akasema. Maswali kata. Kaseti zikishaingia zitatupwa, ukungu usije ukahamia kwenye picha.

Nikasema sawa. Katibu ana miezi minne hapa, hajui. Aliyekuwa akiuliza maswali ni mume wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nilijiandaa kulia. Nikacheka! Mzee mmoja anasimulia picha ya farasi wa klabu, ilivyotundikwa miaka ishirini kabla mtu hajagundua ina miguu mitatu. Marehemu anajizuia kucheka, pua inapiga filimbi. Miaka kumi na minne sijaisikia pua ile. Picha zake nyumbani zimejaa, sauti hatukuwa nayo hata moja.

Na ile "enhe" yake. Mtu akinyamaza tu — enhe. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Ukimnunia anakaa pembeni, enhe, enhe, mpaka useme.

Kwenye kompyuta kuna alama ya mkasi. Unachagua kipande, unabonyeza, kimekwenda. Nilipokata "enhe" ya kwanza ndipo machozi yakaja. Nikasingizia vumbi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia mama mkwe. Sikutaka, limenitoka tu nikimmiminia chai.

Lazima niandike hili, maana sina wa kumwambia. Tangu siku ya mazishi wimbo wa mama ni mmoja: ungemwahisha hospitali. Mwanamke gani analala na mtu asione anavyokwisha? Wageni wakija, wimbo. Majirani, wimbo. Macho yamemwisha kwa mtoto wa jicho, mimi ndiye namwogesha, na bado wimbo. Nimemeza yote. Kwa sababu ni kweli! Nilimwona anapungua. Nikampunguzia suruali kiuno kwa cherehani, nikajiona mke hodari.

Mama aliweka kikombe chini. Anaongea? Nikamwambia anaongea. Niletee mwanangu, akasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiba. Acha niandike hivyo hivyo. Mali ya wakfu haitoki, nimetia sahihi. Nimeweka simu kwenye spika nikarekodi. Bwana Gundi, fundi anayebandika picha zilizochanika, akaingia katikati. Akanitazama, akatazama simu, akasema yeye macho yake ni ya picha tu. Mungu ampe maisha marefu.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Akasikiliza. Kitu cha kwanza alichosema: mbona ana mafua? Nikacheka, naye akacheka, tukaishia kulia wote wawili. Alikula akamaliza sahani. Wakati wa kuinuka akaniambia nipe mkono, mwanangu. Mwanangu! Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Mama sasa ananingoja mlangoni. Nani leo? Alimuuliza nini? Nimemwambia zimebaki tatu, zote za daktari mzee, yule aliyekuwa mwenyekiti wa klabu enzi hizo.

Akauachia mkono wangu. Kisha: huyo hana la maana, mruke.

Siwezi kumruka, mama, ni kazi.

Basi mimi usiniletee.

Nikadhani amechoka.

Jumatatu, 10 Machi

Kaseti ya arobaini na moja. Daktari anamaliza habari za ukumbi wa picha. Anasema zima hicho kidude. Kunasikika mlio wa kitufe. Marehemu na vidude vyake! Hakikuzima.

Daktari anasema majibu ni yale yale. Ini. Tuhesabu miezi, siyo miaka. Mkeo anajua?

Hajui, anasema mume wangu. Nataka anicheke na kunigombeza kama kawaida, siyo kuniuguza.

Na mama yako?

Mama anajua. Nimemwapisha asimwambie.

Kisha kiti kinalia, mkanda unakwisha.

Tarehe imeandikwa kwa mwandiko wake kwenye ganda. Miezi saba kabla hajafa. Suruali nilimpunguzia mwezi uliofuata. Alisimama katikati ya chumba, akanyanyua mikono, akaniacha nipime.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kazini kama mtu mzima. Katibu kauliza dakika tatu za mwisho za daktari ni nini. Mambo binafsi, nikasema. Futa, akasema, wakfu hautunzi mambo ya nyumbani kwa watu. Kaseti zinachukuliwa kesho asubuhi.

Sijafuta. Nimerekodi kwenye simu, mara mbili, nisije nikakosea kama yeye.

Mama nimemwogesha, nimempa chakula, sikumwambia neno. Kikulacho ki nguoni mwako! Aliapishwa kunyamaza, haya, nakubali, kiapo ni kiapo. Basi angenyamaza! Nani alimwapisha anitangaze kwa watu miaka kumi na minne kwamba nimemuua mwanawe?

Na wewe nawe, marehemu. Wewe nawe.

Jumatano, 12 Machi

Kaseti zimeondoka saa tatu, kwenye mifuko miwili ya takataka. Saa nane nikaomba ruhusa, nikaja nyumbani.

Mama alikuwa kitini. Nikaweka simu mezani mbele yake, ikagonga. Akageuza shingo. Ni ya daktari?

Ndiyo, mama.

Washa.

Nikawasha. Aliposikia zima hicho kidude, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu. Basi, akasema, basi mwanangu, zima.

Sikuzima. Aisikie yote, nami niisikie akiisikia. Imefika mwisho, kiti kikalia.

Akasema aliapa kwamba hatatamka mwenyewe. Kuulizwa je? Hakuapa kutojibu. Siku ya mazishi akanisema vibaya makusudi, nipandwe na hasira nimgeukie: kwani wewe mama ulijua? Angejibu palepale. Akanisema tena. Na tena. Mimi nikawa nainamisha kichwa, nasema nisamehe mama. Mwishowe, anasema, akazoea.

Akazoea!

Sijui kama ni kweli au ni ujanja wa uzeeni. Siwezi kuupima uso wake, macho yale hayasemi kitu. Nimekuja jikoni, nimekaa juu ya ndoo, naandika. Maji yake ya kuoga yanachemka. Ananiita kutoka sebuleni. Si kwa ukali. Mwanangu, anasema, uko wapi, mbona mpaka leo huulizi?