Ng'ombe Sita wa Nyaramba

Kisii Mjini,
9 Juni 1974

Kwa dada yangu mpendwa Bochaberi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Joash na watoto. Yule mdogo amepona kikohozi? Na mahindi ya huko Nyamarambe yanaendeleaje? Sisi huku ni wazima wa mwili. Drusilla anakusalimu, ingawa mimi mumewe siku hizi hanisalimu. Usishangae kwamba nakuandikia kwa Kiswahili na si kwa lugha yetu ya nyumbani. Iko sababu, utaiona mbele.

Dada, duka langu la vipuri vya baiskeli limekufa. Nilichukua bidhaa Kisumu kwa mkopo, nikaziuza hapa kwa mkopo, kisha wateja wangu wakaanza kupita njia nyingine. Mwezi uliopita mahakama ilinitangaza kuwa muflisi. Neno hilo nilidhani ni la matajiri wa Nairobi, kumbe hata mimi linanitosha.

Unaikumbuka ile nyumba yetu ya orofani, yenye umeme, niliyokuonyesha kwa maringo mpaka ukachoka na ngazi. Nilitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na mwenye nyumba, Bwana Shueib, na bado ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Niliogopa kwamba nikihama atanidai kodi ya miezi hiyo yote. Nikamwendea dukani kwake kichwa chini. Aliniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Niachie ufunguo, Bwana Cleophas, uende salama. Mimi na wewe tumemalizana." Nilitoka pale nikimshukuru Mungu njia nzima.

Lakini ofisa anayesimamia mali ya waliofilisika alitaka karatasi zangu zote, na mkataba ule ukiwemo. Akausoma polepole mpaka ukurasa wa pili. Hapo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba dhamana yangu ni ng'ombe sita walioko nyumbani kwetu Nyaramba. Bwana Shueib alipoitwa alisema yeye hawataki ng'ombe hao. Ofisa akamjibu kwamba uamuzi si wake tena: mali ya muflisi huuzwa, na fedha hugawiwa wote wanaomdai. Watakuja kuwachukua tarehe ishirini na moja.

Dada, mimi sina ng'ombe. Wale ni wa mahari yako, aliowaleta shemeji Joash, na baba alisema mbele yetu sote kwamba mdogo wetu Machogu ataoa kwa hao. Mimi nilikwisha kupata fungu langu, nilimwoa Drusilla kwa ng'ombe wa dada Persis. Siku ya mkataba niliulizwa nina mali gani nyumbani, nikaona aibu kusema sina hata kuku. Na juzi ofisa aliponiuliza, nikaapa kuwa ni wangu, kwa kuogopa kuonekana mwongo. Nimemwibia ndugu yangu mke. Naye hajui, wiki jana alinitumia ujumbe nimtafutie tai, maana mwezi wa nane anawapeleka ng'ombe hao kwa kina Jemimah, Itumbe.

Anayeapa uongo anaweza kufungwa, hilo nalijua. Mara tatu nimekwenda ofisini kusema kweli, na mara tatu nimefika mlangoni nikageuka. Najijua, nitageuka tena. Kwa hiyo usiichane barua hii, hata ukikasirika. Mpe Machogu aipeleke kwa ofisa kabla ya tarehe hiyo. Ofisa si mtu wa kwetu, lakini Kiswahili anakisoma vizuri.

Bwana Ofisa, ng'ombe wale si wangu, na hawajawahi kuwa wangu hata siku moja.

Nisalimie mama, umwambie ale vizuri na asinililie. Tai yangu ya harusi Drusilla atamletea Machogu. Aivae, ingawa imepauka kidogo.

Ni mimi kaka yako, na sahihi hii ni ileile iliyo kwenye mkataba,

Cleophas Ombati